Mungu Alimfariji Paulo kwa Kumtuma Tito

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya juma hili naiandika mwili ukiwa bado umechoka. Jumatatu nilikuwa kwenye Hiace natoka Himo, tumebanana kama tunavyobananaga, na tulipokaribia Kiboriloni moyo ukaanza kunienda mbio bila sababu yoyote. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, nikawa na hakika kwamba nafia humo humo garini. Mnaonifahamu mnajua hali hii, ambayo daktari huiita shambulio la hofu, ilinianza baada ya kumzika mama. Ilinyamaza muda mrefu, nikamshukuru Mungu hadharani, na sasa imerudi. Kwa hiyo sina neno jingine la kuwaletea wiki hii.

Nimekaa na 2 Wakorintho 7:5-6. Paulo anasema: "Kwa maana hata tulipokuwa tumefika Makedonia miili yetu haikupata nafuu, bali tulidhikika kote kote, nje palikuwa na vita, ndani hofu. Lakini Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito."

Ndani hofu. Haya ni maneno ya mtume. Na Makedonia anayoitaja ndiyo nchi ulimokuwa mji wa Filipi, kwa hiyo wale aliowaandikia "Msijisumbue kwa neno lo lote" walikuwa watu wa nchi ile ile ambako yeye mwenyewe alikosa raha mchana na usiku. Mstari wa Wafilipi tunaujua kwa moyo, tunaunukuu kwenye kila mkesha. Huu wa Wakorintho nauliza: mmeusikia ukihubiriwa mara ngapi? Daudi naye katika Zaburi ya 55 anasema, "Hofu na tetemeko limenijia, na hofu kubwa imenifunikiza." Ukimsomea daktari zaburi hiyo bila kumwambia ni ya nani, atadhani unamweleza habari za mgonjwa wake wa asubuhi.

Kwa ambao hamjapitia hili, niwaeleze kama nilivyoelezwa hospitalini. Mungu aliuumba mwili uweze kukwepa hatari. Ukikutana na nyoka shambani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo husukuma kwa kasi, pumzi huongezeka, na unajikuta umeshafika mbali kabla hujafikiri. Katika shambulio la hofu mwili hufanya hayo yote na nyoka hayupo, kama mbwa wa nyumbani anayebweka usiku kucha kwa sababu upepo umetikisa migomba. Ukihema haraka haraka unatoa hewa ukaa kupita kiasi, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo hutokea. Kwa kawaida hofu hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, halafu hushuka yenyewe. Kujua hilo kumenisaidia sana. Siku hizi hali ikija najiambia: hii naijua, itapanda, itashuka, Bwana yupo. Navuta pumzi taratibu kwa pua, naitoa polepole zaidi kuliko nilivyoivuta, nikisema jina la Yesu kimoyomoyo kila ninapoitoa.

Sasa turudi kwa Tito, mtenda kazi mwenzake Paulo, maana huyu ndiye aliyenishika wiki nzima.

Mungu angeweza kumtuma malaika kwa Paulo. Aliwahi kufanya hivyo ndani ya merikebu wakati wa dhoruba. Angeweza kumpa maono. Safari hii alimletea mtu, mwenye vumbi la safari miguuni, akaingia mlangoni. Na Paulo haoni aibu kuandika kwamba Mungu ndiye aliyemfariji. Kuja kwa Tito kulikuwa ndiko kuja kwa faraja ya Mungu.

Jumatatu nami nililetewa Tito wangu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, ndoo ya parachichi miguuni. Alipoona navyotetemeka hakuuliza nina nini. Akasema, "Mwanangu, nipe mkono. Tunashuka wote hapa." Akamwambia konda asimamishe gari, akashuka nami Kiboriloni ingawa safari yake ilikuwa ya Moshi mjini na nauli alishalipa. Tukakaa kwenye benchi la mama muuza ndizi. Hakunipepea, hakunimwagia maji, hakuita watu. Alinishika tu mkono akinisemesha habari za wajukuu zake mpaka pumzi zikarudi. Halafu akanisimamishia gari jingine, tukapanda pamoja. Jina lake silijui. Bwana ambariki yeye na uzao wake.

Wapendwa, hapa lazima niseme jambo, na nalisema kwa upendo. Sisi watu wa kanisa mara nyingi hatuji kama Tito. Mwenzetu akianza kutetemeka ibadani, kabla hajavuta pumzi ya pili tumeshamzunguka, mikono kumi kichwani, sauti juu, tunakemea. Mimi naamini pepo wapo na naamini Yesu ana mamlaka juu yao. Lakini mtu anayekosa hewa, ukamzibia upepo na kumpigia kelele masikioni, hofu yake unaiongeza. Kisha akitulia tunamhoji: umefunga lini mara ya mwisho? Kuna dhambi hujaitubu? Niliwahi kuambiwa mimi, msiba wa mama ukiwa mbichi, kwamba ningekuwa na imani ya kweli nisingetetemeka. Neno lile lilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu tangu siku hiyo kila moyo ulipoenda mbio niliongezewa na hofu ya kwamba Mungu ameniacha.

Tafadhali, tusiwafanyie watu hivyo. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane alifadhaika na kuhangaika hadi jasho lake likawa kama matone ya damu. Ni nani kati yetu angemwambia Yesu imani yake ni haba? Na ombi lake kwa wanafunzi lilikuwa dogo: "Kaeni hapa, mkeshe." Alitaka watu wa kuwa naye. Hata rafiki zake Ayubu, waliokuja kuharibu baadaye, walianza vizuri: walikaa chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Baba yetu Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa letu la Kilutheri, naye, mwaka 1527, alishikwa na hali mbaya kiasi cha kudhani anakufa, akamwita mchungaji wake Bugenhagen aje kuwa naye. Mtu aliyesimama mbele ya mfalme mkuu bila kurudi nyuma alihitaji mwenzake kando ya kitanda.

Basi ukimwona mwenzako katika hali hiyo, kaa naye. Sema kwa sauti ya chini. Mwambie, "Niko hapa, itapita." Pumua polepole ili naye akufuate. Omba, ndiyo, omba sana, ila omba kwa sauti ambayo mgonjwa anaweza kulala nayo.

Kuhusu hospitali nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi mnajua. Maumivu ya kifua yakija kwa mara ya kwanza, msiyaite wasiwasi mkabaki nyumbani; ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, sukari kushuka na tezi ya shingo huweza kufanana sana na hali hii, na vipimo ndivyo vinavyotenganisha. Kliniki za afya ya akili zipo, katika hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi. Nanyi mnajua KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Yule Msamaria alimfunga jeraha mtu wake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia matunzo. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa zinazochukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Usiziache ghafla kwa sababu umeombewa. Na kahawa ipunguzeni, hata sisi tuliokulia kihambani kwenye mibuni. Kwangu ilikuwa inachochea.

Jambo ambalo daktari alinisisitizia, na ninalipigania hivi sasa, ni kutokimbia. Ukianza kuikwepa Hiace, kesho utakwepa soko, keshokutwa kanisa, mwisho dunia yako inakuwa chumba kimoja. Jumatano nilipanda gari tena kwenda Himo. Nilitetemeka, nikafika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa kanisa na wahudumu wa mlangoni katika sharika zetu. Kuna watu wanaokaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kila Jumapili tunawaambia "sogeeni mbele, mbele kuna nafasi", hadi wanaona aibu na kuacha kuja. Baadhi yao wanahitaji kuuona mlango ndipo waweze kukaa hadi baraka ya mwisho. Waacheni pale. Na mmoja wenu Jumapili hii aende akaketi nao.