Siku Gesi Ilipoingia Darasani

Insha zilikuwa 58, na zote zilisema ndiyo.

Nilikuwa nimezibeba kutoka chuoni hadi nyumbani Shangani, mjini Mtwara, Ijumaa jioni, mwaka 2014. Swali lilikuwa hili: je, mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, irudishwe kutoka Berlin? Nilitarajia mabishano. Nilipofika kwenye insha ya ishirini nikaanza kutazama hitimisho tu. Irudishwe. Irudishwe. Lazima irudishwe haraka. Sababu zilikuwa tatu, zilezile, kwa mpangilio uleule: ni mali yetu, italeta watalii, ni heshima ya taifa. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki mbili kabla, nikieleza namna ya kuandika utangulizi, nilitaja kwa kupita tu kwamba mimi ningependa mjusi wetu arudi nyumbani. Na nilitoa sababu tatu.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nafundisha Kiingereza kwa walimu watarajiwa, na sehemu kubwa ya muhula ilitengwa kwa ajili ya kujenga hoja na kuichambua. Vijana wale wangetoka pale wakasimame mbele ya watoto wa Newala, Tandahimba, Liwale na Kilwa. Kama walichojifunza kwangu ni kumrudishia mwalimu maneno yake kwa sarufi iliyonyooka, basi nilikuwa nimewaongezea ugonjwa waliokuja nao.

Siwalaumu hata leo. Sote tumelelewa katika midahalo ya sekondari: mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda makini, waamuzi waadilifu, halafu mada ileile ya elimu na pesa kipi bora. Mwenye sauti anapigiwa makofi. Anayepinga anapinga kwa sababu amepangwa upande wa wapingaji, na mdahalo ukiisha hakuna aliyebadili mawazo, wala hakuna aliyetarajiwa kubadili. Na ukitoka kwenye mdahalo ukaingia darasani, kumpinga mwalimu si hoja tena. Ni utovu wa adabu.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua, nalo ni methali. Karibu kila insha ilikuwa na methali iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kuwekwa mahali pa ushahidi. Mwacha mila ni mtumwa, kwa hiyo mjusi arudi. Nazipenda methali, nimelelewa nazo na bibi aliyeweza kumaliza ugomvi wa shamba kwa maneno manne. Lakini anayetaka kuharakisha atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na anayetaka kuchelewesha atakwambia haraka haraka haina baraka, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Bibi alikuwa akisikiliza ugomvi mzima kwanza, ndipo anatoa methali. Wanafunzi wangu walianza na methali wakaishia hapohapo.

Jumatatu niliingia na insha zote, sikumrudishia mtu yeyote. Nilichora ubaoni mtumbwi, na pembeni yake kigingi kilichochomekwa ufukweni. Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alieleza mwaka 1958 kwamba hoja haikamiliki kwa dai na ushahidi peke yake. Lazima kiwepo kitu cha tatu kinachoruhusu kutoka kwenye huu kwenda kwenye lile. Vitabu vya Kiingereza vina jina la kitu hicho, ila kila nilipolitumia wanafunzi waliliandika daftarini na kulisahau. Siku ile nikasema: dai ni mtumbwi, ushahidi ni kigingi. Mtumbwi unaweza kuwa mzuri na kigingi kikawa imara, lakini kama hakuna kamba, maji yakijaa usiku, asubuhi mtaukuta Mikindani. Walicheka, na wakaelewa.

Nikaandika sentensi mbili: Mifupa ilichimbwa Tendaguru. Kwa hiyo irudishwe Tanzania. Nikauliza, kamba iko wapi?

Kimya kirefu. Kigingi walikuwa nacho tayari, tulikuwa tumekisoma pamoja. Tendaguru iko mkoani Lindi, na Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Kazi ya kuchimba ilifanywa na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi mwenyeji, Boheti bin Amrani. Mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu, kichwani na mabegani, siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Tangu 1937 mjusi yule amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Yote hayo waliyajua. Walichokuwa hawajawahi kuulizwa ni kwa nini yawape haki ya kusema "kwa hiyo".

Binti mmoja wa Nachingwea akainua mkono, akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba kila kilichochimbwa mahali ni mali ya watu wa mahali hapo. Nilifurahi mno. Nikaichora kamba, nikaiandika juu yake sentensi yake.

Hapo kijana wa Mtwara Vijijini, aliyekuwa akikaa nyuma karibu na dirisha, akasimama bila kuinua mkono. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akaingia Kiswahili, ingawa mlangoni palikuwa na tangazo kwamba humu ni Kiingereza tu.

"Samahani Madamu. Kama kamba ni hiyo, basi inavuta na gesi."

Hakuna aliyepumua. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na mwaka mmoja tu kabla ya siku ile mji wetu ulikuwa umeona mabomu ya machozi, nyumba zilizochomwa, na vifo, baada ya watu kupinga bomba la kupeleka gesi hiyo Dar es Salaam. Humo darasani walikuwamo waliopoteza ndugu. Walikuwamo pia watoto wa askari. Mimi mwenyewe siku zile nilikuwa nimejifungia ndani na wanangu, magodoro yameegemezwa madirishani.

Kijana alikuwa amefanya kile hasa nilichokuwa nikikililia tangu muhula uanze. Alichukua kanuni ya mwenzake, akauliza inafika wapi ikiachwa iende. Hakutukana mtu, hakupaza sauti.

Nami nikasema, "Turudi kwenye mifupa."

Nilifuta ubao. Naukumbuka mkono wangu ukifuta haraka kuliko ilivyohitajika. Kijana akakaa, akafunga daftari, na dakika 20 zilizobaki nilizungumzia alama za uandishi.

Njiani kurudi nyumbani niliumia kuliko nilivyoumia na zile insha 58. Safari hii mwanafunzi alikuwa amefikiri, na aliyemzuia ni mimi. Niliogopa mkuu wa chuo, niliogopa maneno kutoka nje ya darasa, niliogopa kidonda kufunguka. Hofu zote zilikuwa na msingi. Lakini sikuwaambia wanafunzi kwamba naogopa. Niliwaacha waamini kwamba hoja ya mwenzao ilikuwa mbaya.

Jumatano niliondoa lile tangazo mlangoni, nikaliweka mezani. Nikawaambia kwa Kiswahili kwamba juzi nilimkatisha mwenzao bila haki, kwamba swali lake lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyosikia muhula ule, na kwamba namwomba radhi mbele yenu. Nikaweka masharti mawili: hatutamtaja mtu wala chama, na kila anayetaka kujibu aseme kwanza hoja ya aliyemtangulia mpaka mwenyewe aseme, ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha.

Sharti la pili ndilo lililotuchukua saa nzima. Mzee mmoja wa Masasi, mwalimu wa miaka mingi aliyerudi masomoni, alijaribu mara nne kurudia hoja ya yule kijana, na kila mara kijana alisema kwa heshima, "Bado, Mwalimu." Mara ya tano akaipata. Kisha akasema kamba ile ni nene mno, inavuta kila kitu. Mifupa ilitoka chini ya utawala wa kigeni. Gesi iko ndani ya nchi moja, ambamo madini ni ya taifa zima. Binti wa Kilwa akamkumbusha kwamba gesi ya Songo Songo, kisiwa cha kwao Kilwa, inakwenda Dar es Salaam tangu 2004, wala wao hawajafanya fujo. Mwingine akauliza kama kutofanya fujo ni sawa na kukubali. Tukajaribu kamba nyembamba zaidi: kilichochukuliwa bila ridhaa kirudishwe. Papo hapo mtu akasema wapagazi wa Tendaguru walilipwa ujira. Yule binti wa Nachingwea, ambaye kamba yake ilikuwa imekatika mbele ya darasa zima, akajibu kwamba mpagazi hulipwa kwa kubeba mzigo, hakuuza mzigo.

Sikupiga makofi, ingawa nilitaka. Nilimwomba aiseme tena kwa Kiingereza. Akaisema, ikiwa na makosa mawili ya wakati, na hoja ikiwa nzima.

Wiki iliyofuata waliandika upya. Insha 31 zilisema mjusi arudi, 19 zilisema abaki ila Berlin igawane nasi mapato na utafiti, na zilizobaki zilikuwa na majibu ambayo sikuyatarajia. Ya kijana wa nyuma ilikuwa kurasa tatu. Ilikwenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho, ambapo aliacha mistari mitano mitupu, kisha akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya "kwa hiyo", na baada yake hakuna kitu.

Nilimwita ofisini nikamuuliza kama muda ulimwishia.

"Hapana Madamu," akasema. "Bado naitafuta kamba."

Nikamwongezea siku saba.