Msinambie Nivute Pumzi

Kila ninaposhikwa na pumzi, hakosekani mtu wa kunambia, "Vuta pumzi, mzee! Vuta ndefu!" Mwengine ananipigapiga mgongoni, mwengine ananilazimisha nilale chali, na watoto wanajaa mlangoni wakizuia hata ule upepo mdogo uliokuwepo. Wananitakia kheri, sina shaka. Lakini kunambia mimi nivute pumzi ni sawa na kumwongezea sahani ya pilau mtu aliyeshiba mpaka kooni. Tabu yangu si hewa kuingia. Tabu yangu ni kutoka.

Nimepika halua hapa Wete, Pemba, tangu ujana, kazi ya baba yangu. Sigara sijapata kuitia mdomoni, na nasema hivyo kwa sababu kila anayenisikia nikihema ananitazama kwa jicho la "ulivuta sana wewe". Halua haitaki haraka. Unasimama juu ya sufuria saa mbili na zaidi, unakoroga bila kuacha mkono mpaka samli ianze kujitenga, na chini yako kuni za mkarafuu zinafuka. Moshi ule tulikuwa tukiusifu kwa harufu yake. Kikohozi kilipoanza tukasema ni cha kuni, kitapita. Hakikupita. Mahali pamoja kila nikienda napewa vidonge vilevile vya rangi mbili, pengine wakashuku kifua kikuu, makohozi yakapimwa, hamna. Mwisho nikapanda boti nikavuka Unguja, nikapulizishwa kwenye mashine mpaka macho yakanitoka, na daktari akanambia njia zangu za hewa zimebana na hazitafunguka tena zikawa kama zamani. Si pumu, na haiambukizi. Haiponi, lakini mtu anaishi nayo.

Ambalo hakunambia, au alinambia sikulishika kwa hofu, ni namna woga unavyoingia humo. Ukipanda ngazi ukahema kidogo, unashtuka. Ukishtuka unapumua mbio. Ukipumua mbio hupati muda wa kuitoa hewa yote, inabaki ndani, unaongeza nyengine juu yake, kifua kinafura kama ngoma, na sasa hata ukivuta hakiingii kitu. Moyo unakwenda mbio, vidole vinatetemeka, jasho la baridi linakutoka. Hapo mtu anaanza kupiga shahada.

Usiku mmoja wa kaskazi, umeme umekatika, joto la kuchemsha, nilishikwa vibaya kuliko siku zote. Mke wangu akamwita shangazi yangu, mtu mzima anayeheshimika mtaa mzima, na shangazi alipofika hakuuliza dawa. Alinitazama akasema, "Huyu hana maradhi, kakabwa huyu." Kabla sijapata sauti ya kupinga, chetezo kimeshakuja, makaa mekundu, ubani na uvumba juu yake, na mimi nimeshagubikwa shuka la kitanda pamoja na chetezo chenyewe. Jamani! Miaka yote ya moshi wa halua haikunifanya vile. Nilikuwa nasikia wanavyonisomea nje ya shuka, na mimi ndani natafuta ukingo wa shuka kwa mikono miwili. Nilipoupata nikatoka mbio, kifua wazi, nikipita juu ya miguu ya watu, mpaka uwani, nikaangukia ukuta wa kisima. Nikauinamia, viwiko juu ya ukuta, kichwa chini, mabega yamelegea. Na pale pale, taratibu, pumzi ikaanza kupata njia.

Shangazi yuko mlangoni na chetezo mkononi. "Mnaona? Kakimbia!" Hadi leo anahesabu ni yeye aliyenitoa pepo, na mimi namwachia sifa yake, maana bila yeye nisingekijua kile kisima.

Mwanangu wa kike aliyesomea uuguzi alipokuja likizo nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndiyo mkao wenyewe wanaofundishwa: ukikaa, egemea mbele, viwiko juu ya mapaja au juu ya meza yenye mto; ukisimama, uinamie ukuta. Mikono ikipata pa kuegemea, misuli ya shingo na mabega inasaidia kifua. Kulala chali ndiko kubaya zaidi, na ndiko watu wanakokukimbiza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutoa. Unavuta kidogo kwa pua, ya kawaida tu, kisha unabana midomo na kupuliza polepole, muda mrefu kuliko uliovutia, kiasi cha mara mbili yake. Midomo iliyobana inazuia vile vijia vya hewa visijifunge mapema, ile kuukuu ikapata kutoka. Nilijizoeza kwa kikombe cha chai ya tangawizi kila asubuhi, na usiku kwa mshumaa: mwale uyumbe, usizimike. Jizoeze ukiwa mzima. Siku ya kushikwa akili haifundishiki.

Halafu kipepeo. Ukindu huuhuu niliokuwa napepea moto maisha yangu yote, leo napepea uso. Mwanangu alinionesha kwenye simu kwamba Uingereza waliwajaribu wagonjwa kwa kifeni cha mkononi, wakatoa matokeo 2010: upepo wa usoni uliwapunguzia kuhema kuliko upepo wa mguuni. Elekeza puani na juu ya mashavu. Changu kinakaa karibu na mto, na mjukuu akikichukua kuchomea mahindi tunagombana.

Kile kikopo cha buluu cha dawa ya kufungua njia za hewa, cha kupulizia mdomoni, nacho kilinitesa. Mikono ikitetemeka, dawa inaishia ulimini. Kuna chombo cha plastiki cha kuwekea katikati ya kikopo na mdomo, dukani nikatajiwa bei, nikashukuru nikaondoka. Mwanangu akasema huko Cape Town madaktari waliwapima watoto wenye pumu kwa chupa tupu ya maji ya nusu lita, ikafanya kazi sawa na chombo cha kununua, habari ikachapwa 1999. Nikasema kama ni chupa, mbona hata baharini zimejaa. Nikatoboa ya kwanza kwa kisu, tundu likawa kubwa, nikabonyeza, na dawa yote ikanirudia jichoni. Ya pili nikatumia akili ya ufundi. Nilikunja waya kwa umbo lilelile la mdomo wa kikopo, mjukuu akaupasha moto mbali huko uwani mimi nikiwa upande usio na moshi, akaukandamiza kwenye kitako cha chupa. Kikopo kikaingia kikabana, tukakizungushia gundi. Sasa unatikisa, unabonyeza mara moja tu, unapumua kwa utulivu mara nne tano kwenye mdomo wa chupa, ndipo unabonyeza tena. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa. Nimewatengenezea watu wawili watatu mtaani bure, nikiwaambia kwanza wamuulize daktari wao.

Lakini hila ninayojivunia hasa ni ya kilimani. Kutoka bandarini kupanda juu mjini ni mwinuko mtupu, na mtu mzima kusimama katikati ya njia ameshika kiuno ni aibu, watu wanakuja mbio na "vuta pumzi" zao. Basi nikafanya kila barza kuwa kituo changu. Nafika, natoa salamu, nakaa. Tabu ni kwamba salamu zetu sisi zina urefu wake: wa nyumbani hawajambo, mama mkwe vipi, watoto skuli wanakwenda? Nitapata wapi pumzi ya kuyajibu yote hayo? Nikagundua dawa: kuuliza swali ambalo jibu lake halina mwisho. Kwa wazee nauliza, "Karafuu mwaka huu?" Tu. Ataanza mvua, ataingia bei, atafika kwa wachumaji wanaovunja matawi, na mimi muda wote huo nimeegemea mbele, viwiko magotini, nimebana midomo, napuliza, natikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Kwa vijana nauliza Simba na Yanga. Wanasema mzee huyu msikilizaji sana. Mmoja aliniomba nikawasuluhishe yeye na mkewe.

Nikianza kupanda tena, natoa pumzi katika juhudi: navuta nimesimama, napuliza nikiinua mguu. Hivyo hivyo nikiinua ndoo. Swala nasali kwenye kiti, maana kusujudu kulikuwa kunanibana, na shekhe wetu kanambia dini haina uzito huo.

Usije ukadhani kila kuhema ni woga, ukakaa na kipepeo chako huku unazidiwa. Midomo au kucha zikigeuka rangi ya samawati, ukashindwa kumaliza sentensi, dawa usiisikie, au ukaanza kusinzia na kuchanganyikiwa, hapo ni gari na spitali, si mshumaa. Makohozi yakiongezeka na kubadilika rangi nako nenda mapema. Mimi nimeshawahi kulazwa na sioni haya kwenda tena.

Kikopo kimoja kiko mfukoni mwa kanzu, kimoja chini ya mto; kujua tu kwamba kipo kunapunguza nusu ya hofu. Halua sasa anakoroga mwanangu wa kiume, kwenye banda lililo wazi pande zote, mimi nakaa mbali upande upepo unakotoka nikimkosoa iliki. Harusini nako nakaa karibu na mlango. Nikiona chetezo cha udi kinazunguka, natoa simu, naiweka sikioni, natoka nje nikiwa na mazungumzo mazito. Mara nyingi haina hata chaji.