Siku ya Pili Musa Alirudi Kazini

Andiko la wiki: Kutoka 18:1–27

Bwana asifiwe, wapendwa.

Sura ya 18 ya Kutoka tumezoea kuisikia kwenye semina za uongozi. Mwezeshaji anakimbilia mstari wa 21, penye wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, anachora ngazi ubaoni, semina inafungwa kwa sala. Mistari ya mwanzo inarukwa. Wiki hii naomba tuanzie huko, hasa wale miongoni mwetu wanaosimamia watu kazini: mameneja, wakuu wa idara, wakurugenzi, na yeyote ambaye jina lake likitajwa kikaoni inabidi awe na jibu.

Sura inaanza na habari za familia. Yethro, mkwewe Musa, amesikia mambo Mungu aliyowatendea Israeli. Wakati huo Sipora, mke wa Musa, yuko kwa baba yake, kwa kuwa Musa alikuwa amemrudisha. Biblia haisemi alimrudisha lini wala kwa nini. Yethro anamchukua binti yake pamoja na wajukuu wake wawili, Gershomu na Eliezeri, anafunga safari mpaka jangwani, Musa alikopiga kambi.

Musa anatoka kumlaki. Anainama, anambusu mkwewe, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Humo hemani anasimulia yote Bwana aliyomtenda Farao na taabu zote zilizowapata njiani. Kisha zinatolewa sadaka, na Haruni na wazee wanakuja kula pamoja na mgeni. Sipora na watoto hawatajwi tena katika sura hii. Sisemi kwamba Musa hakuwasalimia. Mwandishi alikuwa na jambo lake la kueleza na hakuandika kila kitu. Lakini mstari wa 13 hauna haya. Kesho yake Musa aliketi kuwaamua watu, nao wakasimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni.

Kesho yake! Mke amefika jana.

Yethro anatazama kutwa nzima kabla ya kuuliza kitu. Anapouliza, swali lake ni la mtu wa nyumbani: mbona unaketi peke yako, na watu wote wamekuzunguka toka asubuhi mpaka jioni? Musa anajibu kama msimamizi yeyote anavyojibu. Watu wananijia mimi. Wakiwa na shauri wanakuja kwangu. Mimi ndiye ninayewajulisha sheria za Mungu. Ni jibu la kweli, na tena la kiroho. Halina uvivu ndani yake wala uroho wa mali. Kwa hiyo ni gumu kulipinga, na ndiyo maana wengi wetu tunaishi ndani yake miaka na miaka. Mfanyakazi mzembe hana shida hii. Saa ya kutoka ikifika, ameondoka. Anayegombaniwa na ofisi na nyumba yake ni yule anayeaminika kote kuwili.

Wataalamu wameuchunguza sana ugomvi huu. Mwaka 1985 Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza kuwa unaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni muda: saa uliyoitumia kazini huwezi kuitumia tena nyumbani. Ya pili ni mkazo: umefika nyumbani kweli, lakini umefika umechoka, una kinyongo na mtu, hujalala vizuri, na walioko nyumbani wanapata masalia yako. Hizi mbili tunazijua na tunaziombea kila wiki.

Njia ya tatu ndiyo inayonisumbua, maana hatuiombei. Ni mwenendo. Tabia inayokupandisha cheo kazini inaweza kukuharibia nyumbani. Meneja hufunzwa kufupisha, kukata maneno, kutaka suluhisho kabla ya maelezo, kutoonyesha kinachomuuma. Anasifiwa kwa hayo mwaka mzima. Jioni mtoto wa miaka tisa anamwendea anamwambia hataki tena kukaa karibu na rafiki yake darasani. Baba anauliza, "Kwa nini?" Mtoto anasema, "Basi tu." Baba anauliza, "Sasa unataka tufanyeje?" Mtoto anainua mabega. Baba anasema, "Fikiria, ukipata jibu uniambie." Hakuna aliyefoka, na baba anaona amemlea mtoto ajitegemee. Lakini mtoto hakuwa ameleta tatizo la kutatuliwa. Alikuwa ameleta nusu ya habari, akipima kama kuna mtu wa kumpa ile nusu nyingine. Kikao kimefungwa, na kesho hataleta ajenda yoyote.

Mume au mke naye anaijua sauti hiyo. Unaulizwa "umefikia wapi?" kuhusu jambo la ndugu zako, na unahisi unadaiwa ripoti. Ukilia, unaambiwa tuongee ukishatulia. Mtu kama huyo anaweza kuwa anafika nyumbani mapema kila siku, tena akijisifu kwamba yeye kazi yake anaiacha ofisini.

Turudi kwa Yethro, kwa sababu kauli yake ina pande mbili nasi huwa tunashika mmoja. "Jambo hili ufanyalo si jema," alisema. Kisha akaeleza kwamba atakayedhoofika si Musa peke yake bali Musa na watu hawa walio pamoja naye. Watu hawa! Wale waliosimama kwenye foleni kutwa nzima nao wana mahema yao. Kuna mama ameacha mtoto kwa jirani akidhani shauri lake litasikilizwa kabla ya adhuhuri. Kuna mzee miguu imevimba. Musa anaumia akiwa ameketi, wao wanaumia wamesimama, na chanzo ni kimoja: kila kitu lazima kipite mikononi mwake.

Ndugu yangu meneja, hapa tafakari hii inaacha kuwa ya kutuhurumia. Tunapenda kujieleza kama watu tunaobanwa, na ni kweli tunabanwa. Lakini sisi pia tunabana. Hati ya malipo iko mezani kwako tangu saa nne asubuhi ikisubiri sahihi. Wewe uko kwenye kikao, halafu kikao kingine. Saa kumi na moja jioni unaisaini na kuandika pembeni, "Naomba ikamilike leo." Mhasibu aliyekuwa amefunga mkoba anaufungua. Anampigia mtu simu, anaongea kwa sauti ya chini, anaomba radhi. Wewe unafika nyumbani umechelewa na unasikitika kwa dhati kwamba kazi inakula familia yako. Ya mhasibu huioni, maana hailali chini ya paa lako.

Ujumbe wa saa tatu usiku ni hivyo hivyo. Unauandika ili usisahau, na moyoni hutarajii jibu mpaka asubuhi. Anayeupokea hajui moyo wako. Anajua cheo chako. Ufaransa waliona jambo hili lina uzito wa kutosha kuwekwa kwenye sheria: tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshughulika na simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Sisi hatuhitaji kusubiri bunge. Andika, hifadhi, tuma asubuhi.

Kuna jambo kuhusu sheria ambalo halikomi kunishangaza. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki kwenye viwanda. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wafanyakazi. Lakini kifungu cha 2 kiliwaacha nje wenye nafasi za usimamizi na uongozi. Yaani tangu mwanzo, kwa meneja hakuna kengele iliyowekwa kulia. Saa zake ameachiwa mwenyewe, au ameachiwa bosi wake.

Sasa fungua Kutoka 20, sura mbili tu baada ya ziara ya Yethro, usome amri ya Sabato. Inaanza na "wewe," ndipo inataja mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, na mgeni aliye malangoni mwako. Mwenye kuambiwa ni nani? Ni mwenye nyumba na shamba, mwenye watu chini yake, mwenye uwezo wa kusema "leo tunafanya kazi" na wote wakafanya. Mkataba wa wanadamu ulimwondoa msimamizi kwenye ukomo. Mungu ukomo alianza naye. Na Kumbukumbu la Torati 5:14 inaongeza sababu: ili mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika kama wewe. Bosi asipopumzika, walio chini yake wanaogopa kupumzika. Hata usipowakataza wataona aibu kuondoka wakati taa ya ofisi yako inawaka.

Najua kuna watakaosema: haya ni ya wenye uhuru wa kuchagua. Nakubali. Wapo mameneja ambao ni mameneja kwa jina tu, wamewekwa katikati, juu wanasukumwa na chini wanalaumiwa, na kuacha kazi hawawezi kwa sababu ya ada na kodi ya nyumba. Mtu wa namna hiyo asiongezewe hatia kwa mistari ya Biblia. Wapo pia akina mama wenye vyeo. Akiondoka kwa wakati kwa sababu mtoto ana homa, anaambiwa hayuko makini na kazi. Akibaki, anaambiwa amemtelekeza mtoto, na wakati mwingine anaambiwa hivyo na sisi hapa kanisani. Baba akiondoka kwa sababu hiyo hiyo anasifiwa kuwa baba bora. Tuache.

Na tusiitumie habari ya Eli kama fimbo. Ni kweli aliwaamua Israeli miaka 40 huku wanawe wakipotoka mbele yake. Ni kweli Samweli, aliyekulia katika nyumba hiyo na kuona yote, naye alizunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa kuamua watu, na wanawe wakageuka kuwa wala rushwa. Lakini Biblia haisemi wana wa Samweli waliharibika kwa sababu ya safari za baba yao. Kosa la Eli limetajwa wazi: alijua na hakuwazuia. Mzazi ambaye mtoto wake amepotea tayari ana maswali ya kutosha usiku.

Kinachonipa tumaini katika sura ya 18 ni mtu aliyetumwa kusema. Haruni alikuwepo. Wazee wa Israeli walikuwepo, walikula pamoja nao jana yake. Walimwona Musa akifanya hivyo siku zote na hawakusema kitu, au walisema kwa namna isiyosikika. Pengine walishazoea. Pengine, kama ilivyo kwa wenzetu wa ofisini, iliwafaa kuwa na mtu mmoja wa kubeba kila uamuzi na kila lawama. Aliyesema ni baba wa mkewe, Mmidiani, asiye na cheo chochote kambini. Na Musa, aliyesimama mbele ya Farao, hakumwambia "wewe huijui kazi hii." Mstari wa 24 unasema alisikia neno la mkwewe na kufanya yote aliyosema.

Nadhani wengi wetu tumeshapelekewa Yethro wetu. Amekuja kwa sura ya mke anayesema "siku hizi hatuongei," tukamwona mlalamishi. Amekuja kwa sura ya mama mkwe, tukasema anaingilia. Tumekuwa tukiomba Mungu atuonyeshe njia huku jibu likiwa linatuandalia meza.

Yethro hakumwambia Musa aache kazi, wala hakumwambia aipende familia zaidi. Alimwambia abaki na yale ambayo ni yake kweli: kuwaleta watu na mambo yao mbele za Mungu, kuwafundisha njia, kupokea mashauri makubwa. Mengine awape watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa. Kukasimu madaraka kunauma, tusidanganyane. Yule uliyemkabidhi atakosea mara ya kwanza, na usingekosea wewe. Tena siku utakapokuta mambo yamekwenda vizuri bila wewe, kuna kitu ndani kitachoma, na hicho nacho ni cha kupeleka kwenye maombi. Lakini soma ahadi ya mstari wa 23: wewe utaweza kusimama, na watu hawa wote watakwenda mahali pao kwa amani.

Kwa wiki hii, someni sura nzima pamoja nyumbani; ni mistari 27 tu. Mkimaliza, mwulize mwenzi wako, au mtoto aliye mkubwa wa kutosha, ni jambo gani amekuwa akingoja kukuambia. Akianza kusema, usitoe suluhisho. Na keshokutwa ofisini, chukua jambo moja ambalo hupita kwako kwa mazoea tu, umkabidhi mtu kwa maandishi ili asilazimike kukusubiri. Kwenye ushirika wa wiki ijayo tutasikilizana imekuwaje.