Siku moja maishani mwangu: mkata vinyama wa Kigoma

Saa 11 alfajiri niko macho, chai na muhogo, bajaji kutoka Mwanga, saa 1 na nusu nishavaa koti. Niko maabara ila sio ile ya malaria, mie natengeneza vinyama vya biopsi, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa kwa mgonjwa ili vipimwe.

Mpaka saa 4 ni yaleyale, kupokea vichupa, kuandika namba, kukata vilivyokwisha kunyweshwa nta, unene maikroni 4, yaani milimita moja uigawe mara elfu uchukue nne, ukipiga chafya tu kazi imepeperuka.

Saa 5 kaja mzee wa Ujiji, kinyama cha shingo ya kizazi cha mkewe kililetwa jana jioni. "Mwanangu, malaria mnatoa dakika 20, hiki mnanizungusha nini?" Shikamoo baba, bado kiko kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, hakiharakishwi. Kakaa. Karudi. Mara ya tatu kaja na shemeji yake anafoka eti tunasubiri hela ya soda, na mimi tangu asubuhi hata maji sijanywa, iliniuma.

Basi nikawatoa chini ya mwembe nikaanza somo. Seli ikitaka kugawanyika inategemea vimeng'enya vinaitwa CDK, ni kama injini ya boti, haiwaki bila ufunguo, na ufunguo ni protini inaitwa saiklini. (Aliyeigundua, Tim Hunt, alikuwa anachunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, 2001 wakampa Nobel yeye na wenzake wawili, halafu watu wanacheka kazi zetu.) Breki ni protini ya Rb, mlinzi ni protini nyingine, p53. Sasa kirusi cha HPV, kile cha saratani ya shingo ya kizazi, kikikaa mwilini miaka, protini yake E7 inaing'oa breki, E6 inammaliza mlinzi, boti inaondoka haina nahodha.

Mzee kanyamaza. "Kwa hiyo mke wangu ana saratani?"

Hapo ndo nikajua nimeropoka. Hapana baba, sijasema hivyo, kinyama chenyewe hata kukatwa bado, na anayesema ni daktari, sio mimi. Shemeji mtu kaacha kufoka, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Baada ya hapo saa sizikumbuki, umeme ukakatika, jenereta likagoma, rangi ya kuonyesha seli nikarudia mara mbili, kwenye slaidi ya mtu mwingine nikaona seli inajigawa pande tatu badala ya mbili, dalili isiyo nzuri, nikaiangalia nikaiacha, sio kazi yangu kuisoma.

Natoka giza limeingia, mzee yuko kwenye benchi.

"Kesho nifike saa ngapi?"

Usije kesho baba, utapigiwa simu. Lakini namjua, atakuja.