Mji wa barabara moja

Basi lilitoka Iringa asubuhi, baridi la mwezi wa saba likiwa limewanyamazisha hata wapiga debe. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na nusu ya kwanza sina la kusimulia: mipaina ya Mafinga, malori ya mbao, kisha Makambako, ambako wa Njombe na Songea hukata kushoto. Nilisinzia.

Nilizinduka Igawa, tunaingia mkoani kwetu. Masweta yalianza kuvuliwa, maana Usangu ni bondeni na kuna joto lake. Chimala tulishusha vijana wawili waliokuwa wanapanda Matamba kwa ile barabara ya kona 57 inayoelekea Kitulo. Mpaka leo nikiitazama ile milima kutoka chini, sioni gari linapitia wapi.

Igurusi ndipo safari ilipochangamka. Wauza mchele walilivamia basi na sado zao, na mama niliyekaa naye, mama lishe wa Kabwe, Mbeya mjini, akatoa mkono dirishani, akachota punje chache, akanusa, akang'ata moja.

"Huu mpya. Nikiupika unashikana."

"Mama, huo wa mwaka jana, haki ya Mungu."

"Wa mwaka jana haunukii hivi, mwanangu."

Kijana akacheka, akakimbia kuleta sado nyingine. Ule mpya akamuuzia abiria wa kiti cha nyuma, kijana wa Dar aliyeusifia harufu. Wala hakuibiwa: kwa kula nyumbani mchele mpya ni mtamu. Ila mama lishe anataka unaovimba na kuchambuka, sahani ijae.

Kijana huyohuyo wa Dar, tulipofika Uyole na kukwama kwenye foleni, alisonya. "Mji gani huu, barabara moja tu?"

Sikumjibu, ingawa jibu ninalo. Ni kweli ni barabara moja. Malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo yanapita katikati yetu, yamebanana na daladala, bajaji na mikokoteni ya viazi vya lumbesa, na ujenzi wa njia nne umeongeza vumbi. Lakini faida yake ni kwamba tunaonana. Ukitoka Uyole kwenda Mafiat, utapungiwa mkono na mtu uliyesoma naye, na shangazi yako atakuona kabla hujamwona. Upande wa kulia mlima Loleza unakufuata njia nzima, kwa hiyo hata mgeni hapotei.

Wanaoisifia Mbeya kwa wageni huwapeleka juu, Uhindini na Forest, kwenye miti na nyumba za zamani. Ndiko mji ulikoanzia mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa. Pazuri, sikatai. Mimi mapenzi yangu yako Mwanjelwa. Soko liliungua mwaka 2006, likajengwa jengo jipya la ghorofa, na bado pilikapilika zenyewe utazikuta nje, chini, kwenye turubai: parachichi za Rungwe, ndizi za Tukuyu, maharage ya rangi sita, mitumba ya makoti mazito ambayo Dar yangekosa mnunuzi. Nimeshajaribu kununua huko kitu kimoja na kuondoka. Haiwezekani. Muuzaji atakuuliza umetokea wapi, na ukisema kwenu Ilomba, atakutajia jirani yako.

Tuliposhuka nilimsaidia mama kubeba mchele hadi kibandani kwake. Binti yake alikuwa amekwishawasha mkaa. Nikaletewa wali, maharage yaliyoungwa kwa karanga na kipande cha parachichi, na mezani tayari mabishano yalikuwa yamepamba moto: dereva wa bajaji aliyevaa jezi ya zambarau alikuwa anakumbushia Mbeya City ya msimu wa 2013/14, ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu mwaka uleule, uwanja wa Sokoine ukijaa mpaka watu wanakaa juu ya ukuta.

"Na mama ni City pia?" nikamuuliza.

"Mimi Prisons, baba. Hawa wa City timu yao ikifungwa hawali, wali wangu unalala."

Dereva akaongeza sahani ya pili kumthibitishia kinyume. Siku hiyo hakukuwa na mechi.