Gunia nililolipeleka kwa bibi

Kinu ndicho kilichonishtua. Kwa jirani yangu wa upande wa mashariki kinu hulia karibu kila asubuhi, anakoboa uwele kabla jua halijawa kali. Januari 2023 kikanyamaza siku tatu, nne, wiki. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kama kawaida, lakini huku kwetu Mvumi kila mtu anajua mtu anaweza kuwasha moto achemshe mlenda mtupu ili watoto waone sufuria jikoni.

Mvua za msimu ule zilichelewa. Dodoma tuna masika moja tu, Desemba hadi Aprili, ukikosea hapo umekosea mwaka. Sisi tulikuwa na akiba, na siyo kwa ujanja wangu. Mama mkwe ndiye aliyekataa tusiuze baada ya mavuno ya 2022. Yeye amelelewa na bibi yake aliyeiona Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita Ugogo wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mpaka leo mama hawezi kulala kama ndani kuna chini ya gunia mbili.

Tulihifadhi gunia 8, uwele 5 na mtama 3, kwenye mifuko ya kinga njaa. Kwa asiyeijua: ndani ina mifuko miwili ya nailoni, na nje ni kiroba cha kawaida. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, hivyo huhitaji dawa. Lakini nafaka iwe imekauka kweli. Mimi huweka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, narudisha nafaka juani.

Nikakaa na daftari. Nyumba yetu ni watu 6, na hesabu yangu ni gunia moja kwa mtu kwa mwaka. Tangu Julai tulikuwa tumekula kama gunia tatu na nusu, na hadi mavuno ya Mei tulihitaji mbili na nusu. Zilibaki mbili. Gunia mbili ni debe 12, yaani sado 60, yale makopo ya kupimia nafaka. Nyumba nne zilizokuwa na hali mbaya kuliko zote, kila moja sado moja kwa wiki: zingefika wiki 15. Sado moja haiishibishi nyumba kwa wiki, najua. Inaweka uji wa asubuhi na kitu kidogo cha jioni.

Baba watoto aliniangalia. "Mama watoto, mvua ya mwakani umeshaiona?" Sikuwa na jibu. Jumapili ile padri alikuwa amesoma habari za mjane wa Sarepta, aliyempikia Eliya kwanza kwa unga uliobaki, na mimi nilikuwa nimetoka kanisani na ule unga kichwani. Nikamwambia tu, tujaribu mwezi mmoja.

Nilianza vibaya. Niliwaambia majirani waje. Hakuja mtu. Nikabadili, nikamwomba yule wa kinu aje anisaidie kukoboa, nikampa sado wakati wa kuondoka. Alishukuru, macho chini. Mama mkwe akanisubiri aende, akasema, "Umemfanya kibarua. Alikuwa jirani yako." Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Kosa la pili lilikuwa la mifuko. Nilikuwa nafungua leo huu kidogo, kesho ule kidogo, na kila ukifungua hewa inaingia. Mfuko mmoja wa mtama ukaanza kutoa fukusi. Nikauanika, nikapeta, nikajifunza: mfuko ukifunguliwa unahamia kwenye ndoo zenye mifuniko na unamalizwa, mingine haiguswi.

Njia ilipatikana kwa bibi mmoja Mwislamu, nyumba ya nne kutoka kwetu, naye mwenyewe ni kati ya wale wahitaji. Nilikwenda jioni. "Shikamoo bibi." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikamwambia nina gunia, sina pa kuliweka kwa sababu ya panya, nikamwomba alitunze na awapimie wenzake. Alijua kabisa kwetu hakuna panya wa namna hiyo. Akasema, "Lete na sado yako, yangu imepasuka."

Tangu hapo hakuna aliyekuja mlangoni kwangu. Walikwenda kwa bibi, wakamsalimia, wakakaa, wakatoka na chao. Ramadhani ilipoanza mwishoni mwa Machi alihamishia kupima baada ya futari, na nikasikia wengine wanabaki kunywa uji. Nilikuwa sioni kinachotoka wala nani amepewa nini, na usiku mwingine hilo lilininyima usingizi kuliko suala la mvua. Sali nilisali, lakini hesabu pia nilihesabu.

Mmoja wao aliuza. Mtama wake ulikwenda kwenye pombe ya kuuza, harufu ilitufikia. Nilitaka asipewe tena. Bibi alinisikiliza, halafu wiki iliyofuata akampimia kama kawaida. Hilo bado linanikera.

Na pipa langu lilipunguka, tofauti na la mjane wa Sarepta, ambalo unga wake haukuisha. Siku tisa kabla ya uwele mpya kukauka tulibaki na vumbi la ndoo. Baba watoto aliuza mbuzi mmoja, tukanunua mahindi gulioni, na kwa siku hizo tisa hakunisemesha sana. Yule wa kinu alileta bakuli la mlenda mkavu, akauweka jikoni bila kusema neno, akaanza kunisimulia habari za mwanae.

Mavuno ya 2023 yalikuwa ya kawaida. Juni tulipokuwa tunafunga mifuko, mimi nakamua hewa na baba watoto anafunga kamba, bibi akapita barabarani na fimbo yake. Akasimama. "Hodi. Gunia langu mmeshafunga?"

Baba watoto akaangalia mifuko, akachagua mmoja, akaenda kutafuta baiskeli.