Chuo, magunia mawili ya viazi na ndoo ya chumvi

Kama hujawahi kunusa kiazi mviringo kilichooza, usiombe. Si harufu ya takataka, si ya choo. Ni kama mnyama amekufa akiwa na hasira. Mimi nimelala juu ya harufu hiyo siku nne nzima, Morogoro, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Sayansi na Teknolojia ya Chakula pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ndiyo, ya chakula. Cheka tu.

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu amechaguliwa chuo, na ukoo umeshaanza kumgombania. Mjomba wetu mwenye duka Makambako amemwambia miaka hiyo yote ni kupoteza muda, angeshinda dukani angekuwa na fremu yake Kariakoo. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, kamwambia kinyume: nenda, jifungie, soma, usijichanganye na watu, GPA ikiwa kubwa kazi itakufuata hukohuko uliko. Ni maneno yaleyale waliyoniambia mimi mwaka 2016, hata nukta hawajabadilisha.

Nilianza kwa kumtii baba mdogo. Nilijifungia kweli. Nilikuwa natoka bwenini naenda darasani, darasani maktaba, maktaba kitandani, nakariri slaidi kama mtoto wa madrasa ila mimi nilikuwa sielewi nisomacho. Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye daftari, kikifika mdomoni kinavunjika. Siku ya kwanza ya semina tuliambiwa tusimame mmoja mmoja tujitambulishe. Nikataja jina, nikakaa. Mwalimu akauliza natoka wapi. Nikanyoosha kidole dirishani nikasema kwa Kiingereza, "Kule." Dirishani kulikuwa na milima ya Uluguru. Kwa muhula mzima watu walijua mimi ni Mluguru, wakati mimi ni Mkinga wa Makete, na sikuwa na ubavu wa kuwasahihisha. Matokeo ya muhula yalipotoka: GPA 2.8, na kemia imenilaza na sup, yaani mtihani wa marudio. Huko ndiko kulikonifikisha kujifungia.

Basi likizo fupi ya mwezi wa tatu nikahamia kwa mjomba kimawazo. Nikajiambia, Mkinga anazaliwa na duka, mimi nina nini? Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia. Enzi zile ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na wanakupa ya miezi miwili kwa mkupuo, kama laki tano na kidogo. Ushauri wangu hapo kwa dogo ni mfupi: hela ya miezi miwili ukiishika siku moja inakufanya ujione tajiri hadi Jumapili. Mimi nilijiona tajiri, nikachota karibu laki mbili, nikanunua viazi kwetu. Magunia mawili, tena lumbesa, yale yanayofumiwa kamba juu hadi gunia linaota kichuguu, yaliyopigwa marufuku. Mama akanionya kuwa viazi bado vichanga, ukivigusa ngozi inachubuka. Nikamwambia, "Mama, mambo ya soko niachie mimi." Msomi wa muhula mmoja huyo.

Fuso hadi Makambako, basi kutoka hapo, mteremko wa Kitonga roho mkononi, Ruaha Mbuyuni, mbuga ya Mikumi, hadi stendi ya Msamvu. Nauli ya viazi ilinipita hata mimi. Kutoka Msamvu nikachukua bajaji mbili, moja ya gunia moja na nyingine ya gunia la pili na mimi juu yake.

Mteja nilikuwa naye tayari kichwani. Nje ya chuo palikuwa na bwana mmoja akikaanga chipsi, sisi tukimwita Mzee wa Zege kwa sababu chipsi mayai yake ilikuwa imeshindiliwa kama nguzo. Nikampelekea debe moja la mfano. Akamenya, akakata, akatumbukiza. Dakika mbili tu vimeshakuwa na rangi ya mbao ya mninga. Nje vimeungua, ndani vibichi. Akapunguza moto, vikawa vilevile ila vimenyonya mafuta. Akachukua kimoja, akatafuna, akaniangalia kwa huruma.

"Dogo, hivi ni viazi au miwa?"

Foleni yote ikacheka. Kuna binti wa darasa letu alikuwa kwenye foleni ile, dada wa Lushoto, huyu mtamsikia tena.

Nikarudi na viazi vyangu, nikavisukumia chini ya kitanda, nikafunika na shuka kuukuu ili wenzangu wasinicheke. Chumbani tulikuwa wanne: mimi, Msukuma wa Bariadi, kijana wa Temeke, na Mpemba mmoja mpole. Sasa, gunia la viazi vichanga vilivyochubuka, limefunikwa, halina hewa, joto la Morogoro. Siku ya nane hivi harufu ikaanza. Wenzangu wakasema panya amekufa. Nami, Mungu anisamehe, nikaungana nao kumsaka panya. Nilimulika tochi kwenye dari. Nilipanda juu ya kabati. Tulipomkosa, nikasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba huenda ni yule papa mkavu ambaye Mpemba ametumiwa na mama yake.

Mpemba hakubishana. Akamtoa papa wake nje, akamwanika kwenye kamba. Usiku ule harufu ikazidi. Akasema kwa upole, "Papa kenda, maiti kabaki."

Ikumbukwe kwamba hapohapo SUA kuna shirika la APOPO, wanafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa pale wamehitimu kunusa. Mimi nilikuwa na magunia mawili chini ya mgongo wangu na nikawa najiaminisha kwamba hayahusiki. Siku ya nne ya harufu Msukuma alivuta kitanda kwa mkono mmoja. Sitasimulia kilichotiririka.

Ninachotaka kusimulia ni kwamba Mpemba ndiye aliyekwenda kuleta dekio. Nilisimama pale machozi yananilenga, naye anafagia uozo wangu, akaniambia, "Wallahi ndugu yangu, ungesema tu." Tulimaliza saa sita usiku. Kuanzia pale nilianza kusoma nao. Msukuma alikuwa mkali wa kemia hatari, akinifundisha kwa kutumia ng'ombe: elektroni ni ng'ombe, huyu anatoa mahari, yule anapokea. Sup nilipita kwa hao ng'ombe. Baba mdogo aliponiambia nisijichanganye na watu, hivi alifikiri kemia nitafundishwa na ukuta?

Mwaka wa pili ndipo mambo yalipofunguka, na yalifunguka kwa swali moja. Madam wetu wa kemia ya chakula alikuwa anaeleza mmenyuko wa Maillard, kwa nini ganda la mkate linapata rangi. Sukari fulani na amino asidi vikikutana na joto kali, kitu kinakuwa cha kahawia. Moyo ukaanza kunidunda. Nikaona chipsi za mninga. Mkono wangu ukapanda wenyewe, sijui nani aliuinua. Nikauliza kwa Kiingereza changu cha matope kama ndiyo sababu viazi vichanga vikikaangwa vinakuwa vyeusi. Darasa likaangua kicheko, maana kisa cha gunia kilikuwa kimefika hadi kampasi ya Mazimbu. Madam hakucheka. Akasema ndiyo, kiazi ambacho hakijakomaa kina sukari hizo nyingi, na kilichowekwa kwenye baridi sana pia, na akaniambia nimfuate ofisini nikamweleze nilivihifadhi vipi.

Nimekaa ofisini kwake nusu saa. Hapo nikagundua jambo ambalo hakuna mtu aliniambia kabla, labda kwa sababu wote wanaliona la kawaida: mhadhiri ukimfuata na tatizo la kweli, lenye viazi na hasara ndani, anafurahi kuliko wewe. Akanipa ujanja wa ndoo. Kiazi kizuri cha kukaanga kina wanga mwingi na maji machache, kwa hiyo ni kizito kuliko chenye maji. Kwenye maji matupu vyote vinazama, huwezi kuvitofautisha. Ukitia chumvi kwa kipimo, kile kizito kinazama na chepesi kinaelea. Kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe kumi na moja vya maji.

Nikaona hiyo kumi na moja ni ubahili wa kisomi. Nikaenda kwa Mzee wa Zege na ndoo, nikamimina chumvi kwa makadirio, nikatumbukiza viazi vyake mbele ya wateja. Vyote vikaelea, pwaa, kama mabata. Nikaongeza kiazi kikubwa kabisa. Kikaelea.

"Humo dogo hata wewe ungeelea," akasema.

Kesho yake nikarudi na kikombe, nikapima kama mtu mwenye adabu. Tukatenga: vilivyozama huku, vilivyoelea kule. Akakaanga mafungu mawili kwenye mafuta yaleyale. La kwanza likatoka kavu, limekakamaa vizuri. La pili likalegea na kunywa mafuta. Mzee wa Zege alikaa kimya, akaula ule mfano wote peke yake, kisha akauliza hiyo ndoo nitamwachia au naondoka nayo. Sikulipwa hata shilingi siku ile. Nilikula zege bure hadi namaliza chuo, na naomba isidharauliwe, siku za kusubiri bumu zege ni mshahara.

Ila ndoo haikujibu kila kitu. Inakuambia uzito, haikuambii sukari moja kwa moja. Ukishachagua, bado ukaange vipande viwili vitatu uone rangi. Na viazi vikae gizani penye hewa, maana mwanga unavitia ukijani, na ukijani huo ni dalili ya sumu. Hilo la hewa mimi nililisomea chini ya kitanda.

Agosti 2018 madam akanitupa kwenye banda la chuo, maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Mwalimu Nyerere palepale Morogoro. Nikamwambia madam mimi sijui kuongea na watu. Akasema, "Wewe ongea na ndoo, watu watasikiliza." Siku ya kwanza niliongea na ndoo kweli, sikuinua macho. Ndipo mama mmoja wa Mgeta, mkulima, kitenge kimefungwa kiunoni, akanikatisha. "Mwanangu, sasa hivi vinavyoelea nivitupe?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Nilikuwa nashabikia vinavyozama miezi yote. Nikababaika, kisha nikakumbuka: vile vyenye maji havivurugiki kwenye sufuria, ni vya mchuzi. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi anza na hilo. Umenitisha bure, nimeshaona shamba langu lote halifai." Nikabadilisha maelezo papo hapo, na kila aliyefuata alianza kusikia habari njema ya mchuzi. Kufikia tarehe nane nilikuwa nataniana na umati. Mtu aliyenyoosha kidole dirishani! Sauti ilikauka, nikawa nanong'ona, na bado watu wakasogea.

Nilihitimu 2019. Sasa hapa wale wa "kazi itakufuata" wasome polepole. Nilikaa mtaani miezi kumi na minne. Nilituma barua hadi nikawajua watu wa posta kwa sura. GPA yangu ilikuwa imepanda hadi 3.6, si haba, na kazi haikunifuata. Aliyenifuata ni dada wa Lushoto, kwa simu, mapema 2021. Akaanza bila salamu: "Wewe wa miwa." Kwao wanalima viazi, kwetu wanalima viazi, misimu haifanani sawasawa, kwa hiyo kwetu vikipungua kwao kunaweza kuwa na mzigo. Msukuma alikuwa na binamu mwenye gari. Tukaanza na mteja mmoja, unamjua. Yeye akatuletea wakaangaji wenzake. Leo tuna wateja thelathini na kitu hapa Morogoro, hatununui lumbesa, tunapima kwa kilo, na kila mzigo unapita kwenye ndoo. Faida siisemi, ila mkopo wa Bodi ya Mikopo naurejesha na kodi ya nyumba nalipa bila kukimbia mwenye nyumba.

Mpemba ni daktari wa mifugo, yuko kwao Wete. Kila Ramadhani ananitumia papa mkavu, na juu ya kifurushi anaandika: Harufu hii ni yangu kweli.

Dogo namsindikiza mwenyewe hadi bwenini. Nimemnunulia godoro na ndoo yenye mfuniko, na nimemwambia siku ya kujitambulisha aseme Makete kwa sauti, tena aieleze iko wapi. Mjomba alipojua amekasirika, kasema namharibu mtoto kama nilivyoharibika. Juzi usiku akapiga tena. Nikajua ni ugomvi. Akazungukazunguka, mvua imekuwaje huko, watoto hawajambo, halafu:

"Hiyo chumvi yenu, ni kikombe kwa vikombe vingapi?"

"Kumi na moja, mjomba."

"Ya mawe inafaa?"

"Isage kwanza."

Akakata simu.